Keria Nimeikata Mimi

Kabula mwanangu,

Keria umeshaiona. Nimeiegemeza mlangoni makusudi uikute kabla hujaingia ndani, na barua hii nimeifunga juu yake kwa ule mpira mweusi tunaofungia tenga. Usitoke mbio kwenda kwa Fundi Masanja kumuuliza nani kamtuma. Nimemtuma mimi. Nilikaa pale kwake mpaka mguu wa mwisho wa keria ukakatika, na alipositasita nilimshikia fremu kwa mikono yangu.

Sitakuuliza hali kama watu wanavyoanza barua, maana asubuhi tumekunywa uji pamoja na ulikuwa mzima kabisa, ila ulikuwa unanikwepa macho. Wala sitakuandikia habari za sweta, za baridi ya Arusha, za kuchemsha maji na kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Ninaandika kwa sababu siuamini mdomo wangu. Tukikaa jioni hii uso kwa uso utaniambia, "Mama, tungoje mwakani," na mimi nimechoka, Kabula. Nimechoka kiasi kwamba ningeweza kusema sawa.

Nikueleze nilivyojua. Jana ulirudi na baiskeli, madigadi hamna, stendi hamna, kava la cheni hamna, lakini keria iko palepale. Ukasema msumeno wa Masanja umevunjika na hana mwingine. Nikakuamini. Leo ulipopanda gari kwenda Buhongwa kumuaga bibi yako, nikapita kwa Masanja nimshukuru tu kwa kazi ya wiki nzima. Nikamkuta anakata bomba.

"Mwangaluka, Mama Kabula," akanisalimu. Kisha akautazama msumeno ulio mkononi mwake.

"Nasikia ulivunjika," nikamwambia.

Unamjua Masanja, kudanganya hakumfai hata kidogo, masikio yanamcheza. Akauweka msumeno chini, akajifuta mikono kwenye kaptura. "Binti alisema niiache keria. Alisema kesho pale stendi atakwambia basi limekataa kupakia baiskeli, ibaki kwako. Kule ataazima."

"Na wasipomwazima?"

"Alisema basi atarudi."

Yule mwalimu wa mbio za baiskeli wa Arusha alisema mbele yangu kwamba kila msichana aje na baiskeli yake, asiye nayo asijisumbue. Ulisikia kama nilivyosikia. Kwa hiyo ulikuwa unakwenda Arusha kushindwa. Ulikuwa umeshapanga kushindwa kwako vizuri, mpaka na siku ya kurudi, na kila mtu angekupa pole, na mimi ningekukaangia samaki, na asubuhi yake ungefunga tenga kwenye keria kama kawaida. Niliposikia hayo nilikaa kwenye benchi la Masanja. Nilikasirika. Pia nilitaka kulia. Kisha nikarudi nyumbani kuichukua baiskeli.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana hii keria sikuiweka kwa bahati mbaya.

Hapa kwetu baiskeli mpya haipandwi kabla haijavishwa. Unaijua kazi hiyo tangu ukiwa mtoto. Mtu ananunua baiskeli, hata hajaipanda hadi nyumbani, anaisukuma kwa fundi. Inachomelewa bomba la pili chini ya lile la juu. Inawekwa keria ya nondo na stendi ya miguu miwili inayoweza kusimamisha gunia. Spoku za nyuma zinabadilishwa nene. Ndani ya tairi inalazwa tairi kuukuu iliyokatwa kingo, ili miiba isifike kwenye tyubu. Inatoka pale imeongezeka uzito karibu nusu yake, na ndipo majirani wanasema sasa ni baiskeli. Baba yako alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa na baba yake. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ile ya kwanza, iliyotoka dukani, ilikuwa na kosa gani.

Ndiyo maana tukapata sufuria.

Najua ukifika hapa utacheka, na mimi nataka ucheke. Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikuwa amepunguzwa kiwandani pamoja na wenzake, ameelekea machimboni, na salamu zake zilikuwa zimeanza kuja kwa nadra. Mimi nikaanza biashara ya mapanki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, minofu ya sangara inapanda ndege, na sisi tunapata mifupa na vichwa. Nikachukua zamu yangu ya upatu nikaenda kwenye mitumba kutafuta baiskeli ya kubebea. Mjini zilikuwa zimejaa baiskeli za gia, zile za mlimani, zenye tairi za meno meno. Nikaona moja ya rangi ya fedha. Nikaiinua kwa mkono mmoja. Kabula, niliogopa. Nilidhani nimeonyeshwa kitu cha kuchezea watoto. Muuzaji akasema, "Mama, wepesi ndio ubora wake." Nikamjibu kwamba mimi sibebi ubora, nabeba samaki. Nikaichukua kwa vile ilikuwa nafuu, na moyoni nikasema Masanja ataitengeneza.

Masanja akawasha mashine ya kuchomelea, akaweka bomba la pili mahali pake, akagusa kijiti kwenye fremu. Fremu ikayeyuka. Ilidondoka chini tone kwa tone kama mafuta ya ng'ombe, pakabaki tundu la kuingiza kidole. Akainua kioo usoni, akatazama, akasema, "Mama Kabula, hii siyo chuma. Hii ni sufuria." Na kweli, wale vijana wanaoyeyusha vipande vya injini waliichukua fremu, wakaturudishia lile sufuria zito tunalosongea ugali mpaka leo. Kila tukiwa na mgeni wewe unamwambia, "Karibu, huu ugali umepikwa kwenye baiskeli."

Tumecheka sana na hilo sufuria. Lakini kila ninapolisugua huwa nakumbuka kwamba kitu kile hakikuwa na kasoro. Kilikuwa chepesi tu. Mimi ndiye sikuweza kuamini kwamba kitu kinaweza kutengenezwa makusudi kiwe chepesi na bado kikastahimili. Katika maisha yangu, kila kilichodumu kilikuwa kizito.

Ya pili nilinunua ya chuma. Ya gia pia, kwa sababu ya kilima cha Mabatini, lakini ya chuma kabisa, nyekundu. Niliigonga kwa jiwe pale sokoni nihakikishe. Masanja akaivisha yote: bomba, keria, stendi, tairi ndani ya tairi, tandiko lenye springi mbili, dinamo ambayo taa yake haikuwahi kuwaka siku zaidi ya tatu. Magurudumu mepesi ya ile ya kwanza tukayatundika ukutani nyuma ya mlango, tukawa tunaanikia vitambaa.

Na baiskeli hiyo ilitulea. Sitaisema vibaya. Asubuhi mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la ufukweni, matenga mawili nyuma na moja mbele, kisha kusukuma Mabatini, kupanda Buzuruga, kushuka Nyakato, kupanda tena mpaka Igoma. Magoti yangu yaliisha kwenye barabara ile. Ulipofika kidato cha pili ukaanza kunipokea mwisho wa wiki, na ulipomaliza cha nne ukaichukua safari yote. Nilikuwa nasimama hapa kibarazani nakuona unavyotokea kule chini. Wengine walikuwa wanashuka na kusukuma. Wewe ulikuwa unasimama juu ya pedeli na matenga yako, unakuja. Nilikuwa najivunia, na nilikuwa naona nafuu kwamba si mimi tena. Yote mawili yalikuwepo kwa wakati mmoja, nami sikuyatenganisha.

Halafu zikaja zile mbio za wasichana, Igoma hadi Kisesa na kurudi. Uliingia kwa utani. Wenzako walivua keria zao tangu jana yake, wewe hukuwa na habari, ukatoka mwaloni moja kwa moja, ukamwaga mapanki nyumbani, ukaenda kusimama kwenye mstari na mipira ya kufungia tenga inaning'inia nyuma. Mbwa wote wa Kisesa walikufuata wewe. Watu wanasema ulikimbia kwa sababu ya mbwa. Ukatoka wa pili.

Yule mwalimu wa Arusha, mwenye kofia nyeupe, hakwenda kwa aliyekuwa wa kwanza. Alikuja kwako, akaishika baiskeli yetu kwa vidole viwili chini ya tandiko ainyanyue kama wanavyofanya, ikakataa kunyanyuka. Akashika kwa mkono mzima. Akashika kwa mikono miwili. Akaniona mimi nimesimama na kanga inayonuka samaki.

"Shikamoo mama. Huyu binti ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Na hii?"

"Na hiyo ni yangu pia."

"Mama, huyu binti ameshindana huku amebeba nyumba." Kisha akakwambia yale uliyoyashika mpaka leo: ipunguze, anza na magurudumu, kila kisichokupeleka mbele kitoe, kisha uje miezi mitatu tukuangalie.

Ule usiku hukulala, na mimi pia. Ila wewe ulikuwa unawaza magurudumu.

Wiki hii nimekutazama ukiivua baiskeli, nami nimejifunza mambo ambayo nilipaswa kuyajua zamani. Ulianza na tandiko la springi. Nikasema utaumia. Ukaondoa dinamo, kengele, madigadi. Nikasema mvua itakuchafua mgongo, ukaniambia, "Mama, matope si kilo." Ulipotoa tairi na ile tairi kuukuu ya ndani, nikasema sasa miiba je? Ukasema utabeba viraka. Nikaona ajabu. Mimi miaka yote nilikuwa nabeba ulinzi wa mwiba ambao pengine haukuwepo barabarani, nausukuma Mabatini kila siku, kumbe ningeweza kubeba kiraka mfukoni na kusimama siku mwiba utakaponichoma.

Kisha ukayatungua yale magurudumu ya ukutani, ukayapangusa, ukayatia kwenye baiskeli. Uliigeuza juu chini na kuzungusha gurudumu moja, na likazunguka, likazunguka, mpaka nikamaliza kuchambua mchele wote. La zamani lilikuwa linasimama kabla sijaokota punje kumi. Nilikumbuka vile mwalimu alivyosema kwamba uzito wa kwenye gurudumu unausukuma mara mbili, kwenda mbele na kuzunguka. Nilimcheka siku ile. Masanja naye alipofungua bomba la tandiko na kuipindua fremu, ikamwagika kutu na maji meusi na magamba ya samaki, kiganja kizima. Magamba yaliingiaje humo sijui. Tulitembea nayo yote hayo.

Tukaenda kuipima kwenye mzani wa mnunuzi wa pamba, mmoja wa hawa wanunuzi binafsi walioota kila kona. Yule karani akaitundika kwenye kulabu, akauliza, "Hii ni pamba daraja la ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Nawe ulisoma mshale mara mbili, kwa sababu ilikuwa bado ina keria na bomba la pili, na kwa macho yako uliona kwamba mzigo uliobaki ndio wangu. Naamini ni pale pale ulipoamua. Nilikuona. Ulishika keria kwa mkono, ukaipiga kofi taratibu kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni. Nilidhani unaiaga.

Sasa nisikilize. Nataka nikwambie kitu kuhusu kubaki, maana mimi ni mtu niliyebaki.

Nilikuwa na miaka kama yako sasa. Nilichaguliwa kwenda Shinyanga kusomea uuguzi. Hili unalijua nusu, huwa nalitaja nikiona manesi wanatupita. Ambacho hujui ni kwamba hakuna aliyenizuia. Bibi yako mguu ulikuwa umeanza kuvimba, lakini alinifungia nguo kwenye kitambaa yeye mwenyewe, akanisindikiza mpaka barabarani pale Buhongwa. Gari lilikuja. Nikamwangalia vile alivyosimama kwa mguu mmoja, nikamwambia dereva aende. Nilijiona binti mwema kuliko wote wilayani.

Wema huo ulidumu mpaka msimu wa kupalilia. Baada ya hapo nikaanza kununa. Akiniomba maji, nilikuwa naweka ndoo kwa kishindo. Akisifia chakula nilikuwa najibu kwamba huko Shinyanga wenzangu wanapikiwa. Sikumtukana hata siku moja, lakini kila siku nilimfanya alipe. Aliota mvi mwaka ule. Siku moja nikiwa nafagia, akaniita, akaniambia kwa upole, "Mayu, mwanangu, ungekwenda ningekukumbuka tu. Umebaki, sasa nakuogopa."

Nililia nikiwa na fagio mkononi, na bado nilinuna tena juma lililofuata. Sikuweza kuacha. Niliacha nilipoolewa, kwa sababu sasa nilikuwa na mtu mwingine wa kununia. Hayo mengine ya baba yako na mimi siyaandiki hapa, lakini si yote yalikuwa makosa yake, nawe umeshakuwa mkubwa kuyasikia.

Basi usidhani nimekata keria kwa sababu nina moyo mkubwa. Nimeikata kwa sababu najua namna ya kuogopwa na mtu uliyebaki kwa ajili yake, na sitaki kukaa upande wa pili. Nimeshaanza kukuogopa, Kabula. Leo asubuhi, kwenye uji. Ulisema chumvi imezidi, nikakuomba radhi haraka mno. Wewe hukuona. Mimi nilishtuka.

Nilipoisukuma baiskeli kwa Masanja mchana, nilikuta wateja wawili, nikawaambia wasogee. Masanja akaniuliza, "Mama Kabula, una uhakika? Hii haichomelewi tena. Nikikata, na bomba nikalifyeka, fremu hii haitabeba mzigo tena."

"Ndiyo maana nimekuja," nikamwambia.

"Na wewe utabebea nini?"

"Kata, Masanja."

Akakata. Msumeno ulipiga kelele mbaya. Mguu wa kwanza, wa pili. Kwa ule wa tatu mikono yake ikawa inaenda polepole, ndipo nikasimama nikashika fremu. Kisha bomba la pili, kisha akapitisha tupa mpaka pakawa laini. Rangi nyekundu hakuwa nayo, akapaka ya buluu iliyobaki alipopaka mlango wa kanisa. Kwa hiyo baiskeli yako ina viraka vya buluu. Wakikucheka waambie imebarikiwa.

Kisha nikaipeleka kwenye mzani. Karani alikuwa peke yake anakula mahindi, hakutania. Akaitundika, nikausoma mshale mwenyewe. Tulipoipima ikiwa bado na keria na bomba ilikuwa karibu kilo ishirini na tano. Leo imesimama kwenye kumi na sita. Nikamwomba aiache kidogo pale juu. Ilikuwa inazunguka taratibu kwenye kulabu na upepo wa ziwani, nyembamba, mbavu zote nje, na nilifikiri haiwezi kuwa ile ile. Miaka yote mimi nilikuwa naona inahitaji kuongezwa.

Baada ya hapo nikafanya kitu cha kijinga, nikiwa peke yangu. Nikaipanda. Na magoti haya. Nikazunguka kwenye uwanja wa shule mara moja. Sikusukuma chochote, Kabula, nilikanyaga tu ikaenda, kabla hata sijaiambia. Nilicheka kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Ndipo nikaelewa unachokitaka huko. Kabla ya leo nilidhani unataka kushinda.

Kuhusu mimi usianze kupiga hesabu. Mapanki nitanunua hapa hapa Igoma kwa akina mama wanaoleta, nikaange, niuze. Faida itapungua, na safari zitapungua pia, na magoti yangu yamekwisha kunishukuru. Siku nikihitaji kuleta zangu nitamlipa kijana wa baiskeli ya abiria, au nitabeba tenga moja kichwani kama tulivyokuwa tukibeba kabla ya haya yote. Nitachoka. Lakini nilikuwa nimechoka hata ulipokuwa unanibebea, ndiyo nakwambia ukweli. Uchovu huu si wako. Nilikuwa nao kabla hujazaliwa, na ungebaki miaka kumi ungeukuta palepale.

Na kama miezi mitatu ikiisha wakisema hufai, rudi. Sisemi ushinde. Nyumba hii haina sharti hilo. Nisichokitaka ni urudi na kushindwa ulikokupanga jana kwa Masanja ili mimi nipate kubebewa samaki. Ukishindwa, ushindwe na mlima.

Huko kuna milima kweli, wanasema. Utakapokuwa unapanda ukaona miguu inakataa, usinifikirie mimi. Hili nalisema kwa dhati, ingawa mama mwingine angesema kinyume. Mimi ni kilo nyingi. Niweke hapa Igoma, kibarazani, utanikuta. Ukishuka ndipo unifikirie, maana kwenye mteremko uzito unasaidia.

Bibi yako atakuwa amekupa kitu leo, namjua. Kama ni karanga, chukua. Kama ni kile kinu kidogo cha mti, mwambie nimesema kinabaki.

Kesho alfajiri tutakwenda wote stendi ya Buzuruga. Baiskeli itapanda juu ya basi, kwenye keria ya basi, ifungwe kamba na makuli. Nikitoka pale nitarudi kwa miguu, na ninaomba usitoe kichwa dirishani kunipungia mpaka Igoma, maana shingo utaihitaji.

Ukimaliza kusoma hii hutanikuta ndani. Baiskeli ipo chumbani kwako, imeegemea kitanda. Mimi nimekwenda mwaloni kwa gari, na nitashukia chini ya kilima nipande na tenga kwa miguu, kujaribu. Nitarudi kabla giza halijaingia. Usije kunitafuta njiani na usinijie na maneno, na ile keria iache hapo ilipo, nitaotesha maharage yapande juu yake. Washa moto, weka maji kwenye sufuria la baiskeli. Ukiniona natokea kule chini na tenga kichwani, simama mlangoni unisubiri. Ukinitua huo mzigo wa leo, hunidai kingine, na mimi sikudai.

Mama yako,
ambaye leo amepanda baiskeli